Lebo ya unga wa lishe: shajara ya mradi, Msaranga, Moshi

Nimeiweka shajara hii kwa ajili ya wanaosaga unga wa lishe nyumbani na wanataka kuuingiza madukani. Habari za kuchambua, kuosha, kuanika na kusaga nitazipitia mbiombio kwa sababu kila mtu ana mama aliyemfundisha. Kilichonitoa jasho ni maneno machache yaliyoandikwa nje ya mfuko.

18 Januari 2025. Mchanganyiko na lebo ya kwanza

Kwa kila kilo 10: ulezi kilo 5, mahindi kilo 2, soya kilo 1.5, karanga kilo 1, mchele nusu kilo. Ulezi tunauloweka, tunauotesha kidogo kisha tunauanika. Soya tunaichemsha na kuikaanga, la sivyo uji unanuka maharage mabichi. Mashine ni ya shangazi, hapa hapa Msaranga.

Lebo niliiandika mwenyewe usiku mmoja nikiwa na daftari na simu, nikaangalia na mifuko ya wengine niliyoikuta soko la Mbuyuni. Niliona kila mmoja ameandika makubwa, nikaogopa kuonekana mnyonge. Jina: DAMU TELE. Chini yake: "Lishe kamili kwa familia. Huongeza damu. Hushusha presha na kisukari. Haina sukari. Haina lehemu. Haina sumukuvu kama unga mwingine. Tajiri wa madini ya chuma. Protini mara mbili ya uji wa kawaida. Kwa watoto kuanzia miezi 6, wajawazito, wazee na wagonjwa." Pembeni picha ya mtoto mnene anacheka, mashavu kama maandazi.

Msanifu, binamu yangu wa Arusha: 60,000. Stika 2,000 kwa 150 kila moja: 300,000. Kuchapa nyingi kwa mkupuo kulinipunguzia bei kidogo, na hilo ndilo kosa la kwanza. Usichape stika 2,000 kwa lebo ambayo hajaisoma mtu yeyote zaidi yako na binamu yako.

24 Februari. Mifuko 260 imetoka, mfuko mmoja umerudi

Biashara ilianza vizuri. Bei 5,000 kwa kilo. Mama Glory, mwenye meza Mbuyuni, ndiye aliyeuza wa kwanza na ndiye aliyeuza wengi. Maduka matatu ya mtaani yalichukua kwa mali kauli.

Duka kubwa la mjini lilikataa. Meneja aliugeuza mfuko, akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akaniuliza alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iko wapi. Akanirudishia mfuko wangu kwa adabu.

Kwa asiyejua: tangu Julai 2019 kazi ya kusimamia usalama na ubora wa chakula ilihamishwa kutoka TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Ukikuta bado mtu anakwambia "nenda TFDA ukasajili unga", ujue ushauri wake ni wa zamani. Mjasiriamali mdogo njia yake huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapata barua ya utambulisho, kisha anakwenda nayo TBS.

Nilipofika kwa afisa nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu sakafu, nyavu za madirishani na sare. Vyote vilikuja, lakini baadaye. Kwanza alichukua kalamu nyekundu akaanza kuzungushia maneno kwenye lebo. Alizungushia tisa, pamoja na jina la bidhaa. Halafu akasema, "Dada, hapa umetengeneza dawa, hujatengeneza unga."

2 hadi 9 Machi. Kusoma kanuni

Wiki nzima ya kusoma. Naandika kwa urefu hapa maana ndiko wengi tunakokwama.

Kwa soko la Afrika Mashariki viwango vinne vinahusika: EAS 38 ni wa lebo za vyakula vilivyofungashwa kwa ujumla, EAS 803 ni wa jedwali la virutubisho, EAS 804 ni wa madai kwa ujumla, na EAS 805 ni wa madai ya lishe na ya afya. Misingi yake inafuata miongozo ya Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya). Mwongozo wa Codex kuhusu madai kwa ujumla ni wa mwaka 1979, na ule wa madai ya lishe na afya ni wa mwaka 1997, umekuwa ukirekebishwa.

"Dai" ni neno lolote, picha au alama inayosema, inayodokeza au inayoashiria kwamba chakula kina sifa fulani. Kumbe hata mtoto wangu mnene alikuwa anadai, na jina Damu Tele nalo linadai.

Nilichukua kalamu nyekundu ya kwangu nikapita upya.

"Huongeza damu", "hushusha presha na kisukari": kudai kwamba chakula kinazuia, kinapunguza makali, kinatibu au kinaponya ugonjwa kumekatazwa, isipokuwa pale kanuni mahususi au sheria ya nchi iliporuhusu. Hapakuwa na la kubishana. Na la kisukari kwa kweli lilinitia aibu, maana uji wa nafaka una wanga mwingi na kuna mgonjwa ambaye angeweza kuniamini.

"Lishe kamili": hairuhusiwi kusema chakula kimoja kinatosheleza virutubisho vyote muhimu. Unga wangu hauna vitamini C ya maana, wala vitamini B12. Ukamilifu uko wapi?

"Haina sumukuvu kama unga mwingine": hili nililiona ni uaminifu, maana karanga na mahindi yetu tunayachambua punje kwa punje. Lakini kanuni inakataza dai linalotia watu hofu au shaka juu ya vyakula vingine vya aina hiyo. Tena sumukuvu si jambo la kujivunia. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka jumla ya sumukuvu ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Kila muuzaji anatakiwa awe chini ya hapo. Ni sawa na mwenye daladala kuandika kwenye kioo "gari hili lina breki".

"Protini mara mbili ya uji wa kawaida": uji upi? Dai la kulinganisha lazima litaje chakula unacholinganisha nacho, viwe vya aina moja au vinavyofanana, na tofauti isipungue asilimia 25. "Wa kawaida" si chakula.

Yakabaki madai yenye namba: sukari, lehemu (yaani kolesteroli), chuma, protini. Haya hayakukatazwa moja kwa moja, ila kila moja lina kizingiti chake. Kwa hiyo bila maabara nilikuwa napiga ramli.

15 Machi. Mtoto anatoka

Hapa tulibishana na shangazi karibu tugombane.

Mwongozo wa Codex unasema madai ya lishe na afya hayaruhusiwi kwa vyakula vya watoto wachanga (hadi miezi 12) na watoto wadogo (miezi 12 hadi 36), mpaka pale kiwango mahususi au sheria ya nchi ilipotoa ruhusa. Tanzania nayo ina kanuni za mwaka 2013 za kudhibiti usambazaji wa maziwa na vyakula vya watoto wachanga na wadogo. Nia yake iko wazi kwa anayekumbuka historia ya maziwa ya kopo, na ndiyo iliyozaa kanuni za kimataifa za WHO za mwaka 1981. Mama asidanganywe na picha ya mtoto mnene akaona ziwa lake halitoshi.

Maana yake nichague. Ama niuze unga wa watoto, nifuate masharti ya vyakula vya watoto na nisidai chochote, ama niuze unga wa familia niruhusiwe kusema jambo moja mawili ya kweli.

"Shikamoo shangazi. Nataka kumtoa mtoto kwenye mfuko."

"Marahaba. Umtoe umpeleke wapi? Wanaonunua ni akina mama wa watoto."

"Watanunua tu. Lakini sitaandika miezi 6."

"Sasa watajuaje?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mama wa Moshi hahitaji mfuko kumwambia mtoto anakula uji. Alinyamaza, akaenda kuzima mashine. Kesho yake akasema sawa, lakini jina jipya achague yeye. Akachagua "Uji wa Msaranga". Zuri, halidai kitu.

Siku hiyo hiyo nilizunguka maduka matatu nikakusanya mifuko 31 yenye lebo ya zamani. Mwenye duka mmoja alidhani unga umeharibika. Nilieleza mpaka koo likakauka.

12 Aprili. Maabara, mara ya kwanza

Gharama 280,000 kwa vipimo vya msingi pamoja na madini ya chuma. Nilipeleka sampuli kutoka mfuko mmoja. Kosa. Viungo havijigawi sawasawa, na mfuko mmoja hausemi kweli ya gunia. Kabla hawajaanza kupima nikapiga simu, nikaomba nibadilishe. Nilipeleka mchanganyiko uliochotwa kwenye mifuko sita ya siku tatu tofauti za kusaga. Fundi wa maabara alikuwa mwelewa, hakunitoza zaidi.

Majibu kwa gramu 100 za unga mkavu: protini g 13.1, mafuta g 9.6, majivu (yaani madini yote) g 2.3, maji g 8.5, wanga g 66.5, chuma mg 4.6.

Nilimpa binamu azipange kwenye jedwali. Kisha nikakumbuka kwamba nyuzinyuzi hazimo, na lebo inataka pia sukari na mafuta yaliyoshiba (yale yanayoganda kwenye baridi). Nikalipa tena 190,000. Majibu: nyuzinyuzi g 7.2, jumla ya sukari g 2.1, mafuta yaliyoshiba g 1.7. Ukiweza, omba vyote siku ya kwanza: nishati, protini, wanga, sukari, mafuta, mafuta yaliyoshiba, sodiamu, na kile unachotaka kukidai. Na useme "nyuzinyuzi za mlo", usikubali "nyuzi ghafi". Kile kipimo cha nyuzi ghafi ni cha bei nafuu lakini kinapoteza sehemu kubwa ya nyuzi, hakifai kwa dai.

(Wataalamu wa lishe wana neno lao, makapi mlo. Ni neno sahihi. Lakini sitauza mfuko ulioandikwa makapi hapa Kilimanjaro.)

19 Aprili. Gramu 107.2 ndani ya gramu 100

Mtoto wa jirani, yuko kidato cha nne, alikuwa anachezea jedwali langu kwenye simu, akajumlisha. "Dada, mbona inazidi mia?"

Nikajumlisha mwenyewe: 13.1 na 9.6 na 2.3 na 8.5 na 66.5 ni 100 kamili. Ukiongeza nyuzinyuzi 7.2 inakuwa 107.2. Tatizo ni kwamba maabara ya kwanza haikupima wanga, iliupata kwa kutoa: mia ukiondoa vingine vyote. Kwa hiyo nyuzinyuzi zilikuwa zimeshahesabiwa ndani ya wanga. Jedwali linataka wanga unaomeng'enywa, yaani 66.5 ukitoa 7.2, unapata 59.3.

Nishati nayo ikabadilika. Protini na wanga kilokalori 4 kwa gramu, mafuta 9: 52.4 na 237.2 na 86.4, jumla 376. Kwa kilojuli unatumia 17, 17 na 37, unapata 1,586. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika kilokalori 405. Hakuna ambaye angekufa kwa hilo, lakini ni uongo uliochapwa.

Nilimpa yule kijana mfuko wa kilo moja. Stahili yake.

4 Mei. Madai manne mbele ya namba

*Haina sukari.* Kizingiti ni gramu 0.5 kwa gramu 100. Sisi tuna 2.1, na hatukutia hata kijiko, ni sukari ya viungo vyenyewe. Dai limekufa. Linalowezekana ni "haikuongezwa sukari", lenye masharti yake tangu marekebisho ya Codex ya 2013, miongoni mwake: usitie sukari ya aina yoyote, usitie kiungo kilichotiwa sukari, wala usitie kitu kitamu kinachoshika nafasi ya sukari kama rojo ya matunda makavu. Kwa hayo sisi tumefaulu.

*Haina lehemu.* Nilikuwa na uhakika na hili kuliko yote. Lehemu hutoka kwa wanyama, na unga wangu hauna hata mfupa wa dagaa. Lakini dai hilo lina sharti la pili: mafuta yaliyoshiba yawe chini ya gramu 1.5 kwa gramu 100. Sisi tuna 1.7, karanga hiyo. Sababu yake ina mantiki, maana anayekimbia lehemu anawaza moyo wake, na mafuta yaliyoshiba nayo hupandisha lehemu ya damu. Nilifikiri kupunguza karanga nusu kilo ili nipite. Shangazi aliuliza kama tunapika uji au tunafanya mtihani. Dai limeondoka, karanga zimebaki.

*Tajiri wa madini ya chuma.* Hili limenichukua siku tatu.

Ili useme "chanzo cha" madini fulani, gramu 100 za chakula kikavu ziwe na angalau asilimia 15 ya kiwango rejea cha siku. Ili useme "kingi" au "tajiri", mara mbili ya hapo, asilimia 30. Swali: kiwango rejea cha chuma ni kipi? Codex inatoa viwili. Miligramu 14 kwa watu ambao mlo wao una nyama, samaki na matunda ya kutosha, mwili ukifyonza asilimia 15 ya chuma. Miligramu 22 kwa watu ambao mlo wao umejaa nafaka na mizizi, ufyonzaji ukiwa asilimia 10.

Nina mg 4.6. Kwa 14 ni asilimia 33, mimi ni tajiri. Kwa 22 ni asilimia 21, mimi ni chanzo tu. Unga uleule.

Mifuko mingi niliyoiona imechukua 14, na wala hawasemi. Lakini mteja wangu ni nani? Ni mtu wa uji asubuhi, ugali mchana, ndizi jioni, nyama siku ya sikukuu. Tena chuma cha nafaka na soya kimefungwa na faiteti (kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka na kunde), na wengi wetu tunashushia uji kwa chai ya rangi inayozuia ufyonzaji. Kuotesha ulezi kunapunguza faiteti, hakuiondoi. Nilichagua 22.

Halafu nikafanya hesabu ya kikombe. Watu hawali unga mkavu. Sheria ya Umoja wa Ulaya, ile Na. 1924/2006, inasema wazi kwamba dai lipimwe kwa chakula kilicho tayari kuliwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Hatuuzi Ulaya, lakini nilitaka kujua. Kikombe chetu cha mililita 300 kinachukua gramu 40 za unga. Chuma: mg 1.84. Asilimia 15 ya 22 ni 3.3, na hata asilimia 15 ya 14 ni 2.1. Kikombe hakipiti kwa 22 wala kwa 14.

Kwa kanuni ningeweza kuandika "chanzo cha madini ya chuma" kwa gramu 100 za unga na nisishtakiwe. Nimeacha. Kuna kina mama Moshi hapa wanaambiwa kliniki damu ni chache, wakinunua mfuko wangu wanaacha vidonge.

*Protini.* Kiwango rejea ni gramu 50. Chanzo ni asilimia 10, nyingi ni asilimia 20. Unga: 13.1, asilimia 26, unapita kwa "nyingi". Kikombe: g 5.24, asilimia 10 na ushee, kinapita kwa "chanzo". Nikaandika "Chanzo cha protini", linasimama kwenye unga na kwenye kikombe.

Kati ya madai tisa yamebaki mawili: chanzo cha protini, haikuongezwa sukari. Jedwali linasema mengine. Chuma nimekiweka kwenye jedwali bila kelele, mg 4.6, anayejua atasoma.

7 Juni. Binamu anarekebisha bila kuulizwa

Safari hii nilichapa stika 100 tu kwanza, 300 kila moja, jumla 30,000, pamoja na 40,000 za usanifu. Ghali kwa moja moja, na sijutii, maana zote 100 zimekwenda jalalani. Binamu aliona "Chanzo cha protini" ni baridi, akaandika "PROTINI TELE". Aliona nafasi tupu alipokuwa mtoto, akaweka moyo mwekundu wenye mstari wa mapigo.

"Dada, lebo yako imepooza. Nimekusaidia."

Nilimweleza kwamba moyo nao ni dai, na "tele" ni sawa na "nyingi", na kikombe hakifiki huko. Alisema wateja hawasomi hivyo. Nikamwambia mwenye kalamu nyekundu anasoma hivyo hivyo. Sasa tumeweka mlima pale penye moyo. Mlima haudai kitu, uko pale pale kila mtu anauona, ukiacha siku za mawingu.

Vitu vingine vilivyoingia, ambavyo lebo ya kwanza haikuwa navyo kabisa: "Ina KARANGA na SOYA" kwa herufi nzito, kwa ajili ya wenye mzio. Orodha ya viungo kuanzia kilicho kingi. Uzito halisi. Namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Anwani. Maelekezo ya kupika yenye gramu 40, kwa sababu hesabu ya kikombe imesimama juu yake. Fikiria: nilikuwa na nafasi ya mtoto na presha, sikuwa na nafasi ya kumwambia mwenye mzio kwamba humu mna karanga.

Stika 1,000 kwa 180: 180,000. Nauli za Moshi na Arusha kwa safari nne, 32,000. Jumla ya fedha tangu Januari, ukiacha unga wenyewe na mifuko: 1,112,000. Kati ya hizo zilizotupwa ni 331,000, yaani stika 1,740 za Damu Tele, stika 100 za moyo na usanifu uliorudiwa.

20 Julai. Sokoni tena

Wiki tatu za lebo mpya. Lebo imepita, kalamu nyekundu haikutoka mfukoni. Ukaguzi wa jengo ulihitaji nyavu na beseni la pili la kunawia, tumeweka. Tunasubiri hatua iliyobaki ya alama ya ubora.

Mauzo Mbuyuni yamepungua, nisifiche. Mama Glory aliuza mifuko 19 wakati zamani angeuza 40. Mteja mmoja aliuliza, "Mtoto ameenda wapi?" Mwingine alisema huu si ule wa damu. Mama mmoja alirudisha mfuko, akachukua wa jirani wenye picha ya daktari.

Lakini nesi mmoja alisimama, akasoma nyuma ya mfuko mpaka mwisho, akanunua mitatu.

16 Agosti. Ndizi, na boksi la Mama Glory

Tumejaribu toleo la pili lenye unga wa ndizi mbivu zilizokaushwa. Tamu sana, watoto wa jirani walilamba masufuria. Kabla ya kuchapa nikakumbuka lile sharti: ndizi hapa inashika nafasi ya sukari, kwa hiyo "haikuongezwa sukari" linafutika kwenye toleo hili, na sampuli lazima ziende tena maabara. Safari hii nitaomba vipimo vyote kwa mkupuo. Stika: 50.

Jana nilipita Mbuyuni kupeleka mifuko. Mauzo yalikuwa yamepanda ghafla na sikujua kwa nini, mpaka nilipofika mezani. Mama Glory alikuwa amekata upande wa boksi la sabuni, ameandika kwa kalamu nene: UJI WA MSARANGA – UNAONGEZA DAMU – KARIBU.

"Mama, hili tuliliondoa."

"Uliliondoa kwenye mfuko wako. Hili ni boksi langu."

Nilimweleza kwamba tangazo nalo ni dai, haijalishi limeandikwa kwenye stika au boksi. Alinisikiliza huku akimpimia mtu dagaa. Mwishoni akasema niandike mimi basi, lakini liwe fupi na liuze. Nilikaa kwenye ndoo nikaandika upande wa pili wa boksi: ULEZI, SOYA NA KARANGA. CHANZO CHA PROTINI. HAIKUONGEZWA SUKARI. Akalisoma, akalitundika. Nilipofika kwenye kona ya bajaji nikageuka kuangalia: lilikuwa bado limetazama upande wangu.